Kipuri Kisichouzwa Mbinga

Habari za kifo chake zilinikuta Kitai, kwenye kibanda cha chai, nikisubiri basi la kwenda Songea. Kondakta wa gari lililotoka Mbinga alinitambua, akaniambia bila kuzunguka: "Yule mzee wako wa baiskeli ya mbio tumempoteza. Wamempeleka kwao Mbaha, wanazika kesho." Nikaahirisha safari ya Songea, nikageuka kuelekea ziwani. Hakuwa ndugu yangu, wala hatukuwa marafiki wa kukaribishana chakula. Tulifahamiana kwa kazi, nilipokuwa nikifuatilia habari za kahawa naye akiwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima. Alikuwa Mnyasa, Muanglikana, aliyeishi miaka mingi kati ya Wamatengo Wakatoliki, akalima kahawa kama wao na kukisema Kimatengo kama wao. Hata hivyo, hadi nywele zinageuka mvi, waliendelea kumwita mtu wa ziwani.

Baiskeli iliyompa jina aliinunua kwa mwalimu mmoja wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa ya chuma chembamba, usukani wake umekunjwa kwenda chini kama pembe za kondoo, na ilikuwa na gia. Walimu wa Kizungu wa miaka ile walikuja na baiskeli za aina moja kutoka Ufaransa, na kila aliyeondoka aliiacha yake kwa mwenyeji. Miaka ikapita, nyingine zikafa, zikabaki mbili tulizozijua: ya katibu pale Mbinga, na ya karani mmoja mstaafu kule Litembo. Kwenye vilima vya Umatengo, ambako sisi wengine tulisukuma baiskeli zetu kwa kifua, katibu alipanda akiwa ameketi, akatusalimia akipita. Hilo lilitukera kidogo.

Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka miaka ya uhaba. Kipuri kilikuwa hakipatikani, kwa hiyo kila kitu kililazimishwa kukubaliana na kila kitu. Fundi alikata ukanda wa kopo la maziwa akaushindilia palipolegea, ukatembea mwaka mzima. Kisha likaja soko huria. Maduka ya Mbinga yakajaa baiskeli za India na China zilizoning'inizwa darini, na vipuri ndani ya makaratasi yenye mafuta. Wakati huohuo baiskeli ya katibu ikapasuka kikombe cha ekseli ya katikati, kile cha chuma kinachoshika gololi pale pedeli zinapozungukia. Akaenda dukani kwa furaha. Kikombe kipya kilikuwa na upana uleule kwa macho, lakini mistari yake ya kukazia ilikuwa ya mtindo mwingine. Kiliingia mizunguko miwili, kikagoma.

"Mzee, niruhusu nitumie nyundo kidogo," fundi akamwambia.

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka kikubali."

"Kikikubali kwa nyundo leo, kesho utakitoa kwa kitu gani?"

Fundi akacheka. "Basi uza hicho chuma, mzee. Siku hizi vitu vipo."

"Vipo," akasema katibu, "lakini si vya kwangu."

Kikombe cha aina yake kilikuwa mahali pamoja tu, Litembo, kwenye baiskeli ya yule karani. Nilikuwa na shughuli huko, tukaongozana. Karani alikuwa mgonjwa wa miguu, anaketi barazani kutwa. Baiskeli yake ilikuwa imetundikwa jikoni, nyeusi kwa moshi, magurudumu yamepinda na cheni imeshika kutu, ila kikombe kilikuwa kizima.

"Shikamoo, kaka," katibu akamsalimu.

"Marahaba. Umekuja kuniona mimi au umekuja kuiona ile ya jikoni?"

"Wote wawili."

"Basi anza na mimi."

Walizungumza hadi jua likageuka. Mwishoni karani akasema hawezi kuitenganisha baiskeli yake angali hai, maana binti yake bado anatumaini ataitengeneza. "Nikishaondoka, kikombe chukua. Ila usiwe unapita kila wiki kuuliza naendeleaje." Wakacheka wote wawili. Mke wake alikuwa shambani. Maneno yale niliyasikia mimi peke yangu.

Haukupita mwezi, karani akafariki. Siku ya kumaliza matanga ndugu waliketi kuzungumzia vitu vya marehemu, na hapo katibu akakosea. Alisimama mapema mno, kabla hata wanawe hawajatajwa, akasema, "Marehemu aliniahidi kitu akishaondoka." Dada wa marehemu, mama mmoja ambaye familia nzima humwita shangazi, akamtazama. "Mtu wa ziwani," akasema, "wewe ulijuaje kwamba anaondoka?" Nikainuka kueleza nilichosikia. Lakini mimi nilikuwa mgeni na mwandishi, mtu wa kuja na kuondoka, na ushahidi wangu haukuwa na uzito pale. Tulirudi Mbinga mikono mitupu, na maneno yakatutangulia.

Asiyejua maisha ya kwetu ataona ni kichekesho. Haikuwa hivyo. Kumwambia mtu kwamba alijua kifo kabla hakijaja ni kumwambia kwamba alikileta. Kilabuni watu walihama benchi alilokalia. Mkutano wa kuchagua viongozi wa chama ulikuwa karibu, nao wanunuzi binafsi walikuwa wameshaanza kuwavuta wakulima. Wapo waliomshauri aiache kahawa yake na nyumba yake, arudi Mbaha kabla mambo hayajawa mabaya. Aliponisimulia ushauri huo alisema tu, "Huko ziwani hata wavu sina."

Alichofanya sikukitarajia. Aliivua baiskeli yake mwenyewe magurudumu, gia, cheni na breki, akavifunga kwenye gunia, akapanda navyo Litembo mchana kweupe pamoja na fundi. Akaomba ruhusa kwa shangazi, akaishusha baiskeli ya marehemu, na siku nzima, mbele ya macho ya majirani, vipuri vyake vikaingia mahali pake bila nyundo. Aliifanya nzima kwa ajili ya binti wa marehemu, mhudumu wa afya aliyetembea kwa miguu kwenda vijijini. Nilipomuuliza kama anajisafisha jina, alijibu kwamba baiskeli mbili mbovu hazimfikishi mtu popote, afadhali moja itembee. Shangazi alikuja akaibana breki, akaiachia, akaibana tena.

"Na wewe utapanda nini?"

"Nitasukuma, shangazi, kama wengine."

"Mimi si shangazi yako."

"Basi nitasukuma bila shangazi."

Mama yule akageuza uso, lakini mabega yalikuwa yakicheka.

Sitawadanganya kwamba minong'ono ilikwisha. Wapo waliosema mtu harudishi ila alichochukua. Lakini kwenye uchaguzi kura zake zilitosha, si nyingi, na benchi la kilabuni likapata watu tena. Akanunua baiskeli ya dukani, akawa anaisukuma vilimani, na sisi tukapata nafasi ya kumsalimia tukiwa naye sambamba. Kisha kwenye mkutano mmoja wa chama, ilipofika ajenda ya mengineyo, akasimama akatangaza kwamba akifa, fremu yake tupu iende kwa binti wa Litembo, iwe akiba.

"Katibu, hili nalo ni la kahawa?" mwenyekiti akauliza.

"Si la kahawa, Mwenyekiti. Lakini ninyi mpo na mimi nipo."

Watu walicheka sana siku ile. Mbaha, baada ya mazishi, nilimuuliza mwanawe mkubwa kuhusu fremu. Akaniambia binti alifika na shangazi yake nyumbani Mbinga kuhani msiba, kabla mwili haujasafirishwa, wakaondoka nayo, na hakuna aliyeuliza swali, maana Mbinga nzima ilikuwa na habari.

Soko huria limetufundisha kuingia dukani na kununua, nami silalamiki; uhaba haukuwa na raha. Lakini karibu kila nyumba ina kitu ambacho jozi yake iko kwa mtu mwingine, na mtu huyo atakufa, au utatangulia wewe. Ahadi iliyosemwa pembeni, hata iwe ya kweli kiasi gani, ikifika kwenye matanga inageuka shutuma. Anayeomba aombe wenye nyumba wakiwapo, na anayeahidi aahidi wanawe wakisikia.