Vibanio vya Mwani vya Mjomba

Mjomba wangu ni fundi bomba wa Pongwe, na mwenyewe husema kichwa chake hakijui kupumzika. Kuna siku alikata kipande cha bomba la plastiki, akakichana ubavuni, akapata kibanio cha kushikisha mwani kwenye kamba badala ya kuufunga kwa uzi. Wanawake wa Kigombe wanaolima mwani, shemeji yake akiwamo, walikijaribu wakakipenda papo hapo. Uzi unachubua vidole. Hiki unabana tu, umemaliza.

Mjomba akakiombea hataza serikalini. Alisubiri sana, na alipoipata alitembea kifua mbele.

"Maana yake," alituambia, "hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kukitengeneza. Ni mimi tu!"

Bomba moja lilitoa vibanio tele kabla chai ya asubuhi haijapoa. Lakini alivijaza kwenye magunia stoo, akawa anavitoa kwa kudonoa. "Vikizagaa vitashuka thamani," alisema.

Mimi nafanya kazi Raskazone, na mwisho wa wiki hupenda kwenda Kigombe kupunga upepo, basi nikawa ndiye mpelekaji. Shemeji yake, mama mcheshi, alipokea mfuko, akaupima mkononi, akacheka.

"Mwanangu, mabomba yameisha madukani?"

"Yamejaa, mama."

"Visu tunavyo, mikono tunayo. Sasa kilichoadimika ni nini?"

"Ruhusa."

"Loo! Na hiyo ruhusa inavuliwa bahari gani?"

Wanawake wakavigawana vile vichache, waliokosa wakarudia uzi wao.

Baadaye tulialikwa harusi Kigombe, mimi na mjomba. Maji yalipokupwa, akashuka pwani na kanzu yake kwenda kuvitazama vibanio, mimi na shemeji yake nyuma. Akakuta kamba nzima nzima zimejaa vipande vya buluu, vyekundu na kijani. Zilikuwa ndala kuukuu, zimekatwakatwa na kutobolewa.

"Shemeji! Mnaniibia mchana kweupe!"

"Hasha, shemeji yangu. Chako cha bomba, kinabana. Hiki cha ndala, kinachomekwa. Kijaribu."

Mjomba akachuchumaa, akavuta. Mwani haukuchomoka, wala shina halikuchubuka. Akavuta tena. Nilikuwa natafuta maneno ya kuamulia ugomvi, nikasikia anacheka, anacheka mpaka kofia ikamdondoka majini.

"Mnauza bei gani?"

"Haviuzwi. Chukua hicho ukamwoneshe mke wako."

Wiki iliyofuata alinikabidhi magunia yote niyapeleke bure. Wanawake waliyapokea kwa adabu na shukrani nyingi, na nilipopita tena nikaona vibanio vya mjomba vimeshika kanga na mashuka kwenye kamba za kuanikia nguo. Kumwambia? Sikuthubutu. Hataza ameitia fremu, inaning'inia sebuleni, na mgeni akiingia hamalizi kikombe kabla hajasomewa yote.