Simu ya Kihengeni

Walitaka achekeshe watu. Hilo ndilo lililompanda Nyanjige kichwani asubuhi ile, akiwa amekaa juu ya gunia barazani pake anachambua pamba, safi huku, fifi yenye madoa kule. Mkamwana wake Sayi alikuwa ng'ambo ya rundo, naye anachambua.

Mwenyekiti wa kitongoji, Luhende, alifika kwa pikipiki, shati limenyooshwa kwa pasi. Alizima injini mbali kidogo, akasogea kwa miguu, akainama kwa heshima, akamwamkia kama mama yake.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola duhu."

Sayi akamletea maji katika kikombe cha bati. Luhende akanywa yote, akafuta mdomo, akakaa kwenye kigoda, akaanza. Jumamosi mnara wa simu, ambao umekwisha kuanza kufanya kazi, unazinduliwa rasmi pale juu ya jiwe kubwa. Wageni watatoka Bariadi na spika zao na turubai lao. Watu wa kampuni wameomba kitu kimoja tu: aletwe jukwaani mtu wa kwanza kumiliki simu katika kitongoji hiki.

"Nikawaambia tunaye," alisema Luhende, uso umechanua. "Yupo, ana nguvu zake, na mdomo anao. Utapanda, mayu, utasimulia kidogo. Ulivyoining'iniza simu kwenye kihenge kama mbegu ya mahindi. Ulivyokuwa ukipiga kelele halo, halo, mpaka mbuzi wanakata kamba. Watu wacheke. Halafu utakabidhiwa simu mpya, ya kugusa kwa kidole."

Nyanjige alinyofoa jani kavu lililonasa kwenye pamba. Hakumtazama.

"Nisimulie ilivyoanza tu? Au na ilivyoisha?"

Luhende aligeuza kile kikombe kitupu mkononi, akakichungulia kana kwamba kuna kitu kimebaki ndani.

"Ya nini tena hiyo, mayu? Siku yenyewe ni ya furaha."

Furaha. Nyanjige alilitafuna neno hilo kimoyomoyo, akaliona lina mchanga.

Ilivyoanza ilikuwa kweli ya furaha. Simu aliletewa na kaka yake Josia, utingo wa lori la mizigo, aliyepita Zagayu siku moja akiwa amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Ilikuwa simu ndogo, nene, ya kijivu, yenye tochi utosini. Nyanjige alikuwa mjane tayari, ana watoto wadogo, na mama yao yeye na Josia, kule Nyalikungu, alikuwa ameanza kuugua ugonjwa wa kulala na kuamka. Josia alimwekea simu kiganjani, akamfunga vidole juu yake. "Mama akizidiwa nitakupigia. Usiizime, dada. Hata iweje, usiizime."

Ndani ya nyumba simu haikushika. Shambani haikushika. Alizunguka nayo uani mkono juu, kama mtu anayemwonyesha ndege mtama, mpaka siku moja ikalia pembeni mwa kihenge, chini ya paa la nyasi, usawa wa kipaji cha uso. Hapo hapo, si hatua mbele wala nyuma. Basi Nyanjige alisuka kikapu kidogo cha nyasi, akakifunga kwenye fito za kihenge, akailaza simu humo. Nafaka chini, sauti za watu juu. Chaji ikiisha aliipeleka Zagayu kwenye duka lenye betri ya gari, akasubiri hapo hapo, kwa kuwa aliambiwa asiizime.

Haukupita muda, simu ile ikawa ya kila mtu. Hakuna aliyemuuliza kama anapenda. Walichukua namba yake, wakawapa ndugu zao wa Mwanza, wa Kahama, wa Geita. Simu ikilia, Nyanjige aliacha jembe. Aliacha ugali jikoni ukaungua. Alipokea, akasikiliza, akarudia maneno mara mbili ili yasimwagike njiani, kisha akashika njia. Fulani amejifungua, mtoto wa kiume. Fulani amefaulu, atafutiwe sanduku la shule. Ng'ombe wamefika salama. Nyumba za habari hizo alikaribishwa, akaketi, akanywa maji, akafungiwa karanga kwenye pindo la khanga.

Habari za msiba zilikuwa na mwendo wake. Kwa majirani wale, aliyeleta habari ya kifo hakuingia ndani. Alisimama kwenye lango la boma, akaletewa maji, akayakataa kwa mkono. Mkono ule ulitosha, maneno yalifuata baadaye. Na kazi hiyo tangu zamani ilikuwa ya mwanamume aliyetumwa na ukoo. Simu ilipokuja, wanaume wakaona ni rahisi zaidi aende Nyanjige. Anayo simu, anayo miguu. Naye akaenda. Akasimama malangoni pa watu, akakataa maji yao, akalia nao, akarudi kulima.

Hayo ndiyo waliyotaka akawachekeshee wageni.

"Basi niwape jina lako, mayu?" Luhende aliuliza.

"Namkumbuka Shigela," alisema Nyanjige.

Luhende akaacha kukichezea kikombe. Shigela alikuwa kaka yake, kifungua mimba wa mzee Mayige. Alikwenda Geita kuchimba dhahabu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, na shimo moja likamfunika. Wenzake walimfukua. Mmoja wao ndiye aliyepiga simu, sauti inakuja na kukatika: Shigela yuko hospitali, ameumia vibaya, ila anaongea. Anamtaka baba yake. Baba aondoke leo hii hii. Napiga tena sasa hivi, nijue kama ameanza safari.

Nyanjige alikimbia. Alifika kwa Mayige pumzi imekatika, akashika mti wa lango. Mke wa Mayige akatoka na maji. Na Nyanjige, aliyekuwa kama anaisikia simu ikilia tena kule nyuma bila mtu wa kuipokea, akaupunga mkono: sina muda, mayu, sinywi. Kisha akasema, "Shigela ameumia, yuko hospitali, anamwita baba yake."

Alilisema sawasawa. Angeweza kuapa mbele ya padri. Lakini mkono ulikuwa umetangulia, na mkono ndio waliousikia.

Kilio kilianzia kwa mama, kikamrukia Luhende, kijana aliyekuwa anakamua ng'ombe. Akamwaga maziwa, akatoka mbio uani akipiga yowe. Nyanjige alipaza sauti: yuko hai! Yuko hai, nisikilizeni! Nani amsikie? Alimwendea Mayige, aliyekuwa ameketi chini kwenye mavi ya ng'ombe, akamshika mkono, akamvuta. "Baba, inuka. Basi litapita Zagayu. Mwanao anakusubiri."

Mayige alimtazama kwa macho yaliyokwisha kukubali. "Usinifariji, binti," alisema.

Jua lilipokuwa utosini kuni za msiba zilikuwa zimekwisha kuletwa. Nyanjige alirudi kwenye simu, akaongea na yule mchimbaji, akarudi tena kwa Mayige, akawaambia tena. Walimwona kama mtu aliyechanganyikiwa kwa huruma. Mihayo, mwanamke wa nyumba ya jirani, alimsukuma nje ya lango: acha kuchezea msiba wa watu.

Shigela alikaa kitandani Geita akiuliza kama basi limefika. Akafa kesho yake kabla jua halijachomoza. Baba yake alikuwa uani kwake, kwenye mkeka, anapokea pole za mtu aliye hai.

Na hapo sasa, hapo ndipo hasira ya Nyanjige huota miguu kila anapokumbuka. Wangeweza kusema tulikosea. Wangeweza kusema tulilia mapema, tumemnyima mtoto baba yake. Ilikuwa nzito mno kuibeba, basi wakatafuta mgongo wa kuitwika, wakauona wa mjane. Wakasema amemlilia mtu hai akafa. Wakasema simu yake inaita kifo nacho kinaitika. Kila msiba aliowahi kuwaletea wakautoa tena, wakauanika juani. Watoto wote waliozaliwa kwa mdomo wake hawakukumbukwa hata mmoja.

Luhende alikuja na vijana wenzake. Aliingia uani bila hodi, akaitoa simu kikapuni, akaipeleka juu ya jiwe kubwa, akaiponda kwa jiwe jingine, na kabla hajashuka akalitamka lile neno kwa sauti ya kufika nyumba zote. Mchawi. Watoto wa Nyanjige walikuwa wamesimama mlangoni. Tangu siku hiyo lamboni Mihayo na wenzake wakataka achote wa mwisho, na watu wakapita pake kwenye kiu ya kiangazi bila kuomba maji.

Kule Nyalikungu mama yake akazidiwa. Josia akapiga. Akapiga, na akapiga. Alipopata lori la kumfikisha kwa Nyanjige, udongo wa kaburi la mama ulikuwa umekwisha kukauka, na neno lake la kwanza kwa dada yake lilikuwa, "Kwa nini uliizima?"

"Sikuizima," Nyanjige alisema. Mpaka leo kuna saa anajisikia akilisema, peke yake, kwenye matuta ya viazi.

Simu mfukoni mwa Luhende ikatoa mlio. Akaitazama haraka, akaandika kidogo kwa kidole gumba, akairudisha.

"Nini?" aliuliza Nyanjige.

"Msiba. Mzee mmoja wa Mwamanyili, ndugu wa shemeji. Wameweka kwenye kundi."

"Umeandika nini?"

"Pole."

"Basi?"

"Basi, mayu. Wote tunaandika pole."

Nyanjige aliiweka chini pamba aliyoishika. "Kila wiki hizo simu zenu zinaleta wafu. Zinawaleta mnapokula, zinawaleta kanisani. Mbona sijaona mtu anaipeleka yake juu ya jiwe? Au jiwe lilikuwa la yangu peke yake?"

"Mayu, nilikuwa kijana. Nilikuwa na uchungu wa kaka yangu."

"Na mimi nilikuwa na uchungu wa nani? Wa kuku?"

Sayi alicheka puani, akajificha nyuma ya pamba. Luhende hakucheka. Jasho lilikuwa limeanza kulivua shati lake pasi.

"Baba mwenyewe alijua," alisema polepole. "Kabla hajafa. Alisema, yule binti alinivuta mkono, mimi ndiye niliyekataa kuinuka."

"Alikuambia wewe?"

"Mimi na mama."

"Mkakaa nalo."

Luhende alikiweka kikombe chini ya kigoda.

"Mmekaa nalo," Nyanjige alirudia, na sauti yake, iliyokuwa chini muda wote, ikapanda. "Mnanipita njiani, mwangaluka mayu, mwangaluka mayu, na neno langu mmelifungia ndani kama mbuzi wa wizi! Leo wageni wanataka kichekesho ndiyo mnakumbuka nilikuwa na simu!"

"Nisamehe, mayu. Hapa hapa, nakuomba."

"Hapa yuko nani? Sayi na kuku. Ulipokuwa unanitukana ulipanda juu ya jiwe."

Luhende akachomoa simu kwa haraka, kama mtu aliyeona mlango. "Basi nitaandika kwenye kundi la kitongoji. Sasa hivi. Wote wataona, hata walioko Dar."

"Irudishe mfukoni. Mimi sikuwaandikia. Niliwafuata kwa miguu, nyumba kwa nyumba, na mvua, na jua, nimebeba ndugu zao mdomoni. Nawe utakwenda hivyo. Pikipiki iache hapo."

"Nikaseme nini?"

"Useme Nyanjige alileta habari ya mtu hai, sisi tukamlilia. Useme hakumuua Shigela. Halafu nenda nyumba ya pili ukaseme hayo hayo, bila kupunguza."

"Na Jumamosi? Wageni wanataka jina leo."

"Jumamosi utaniuliza ukirudi. Anzia kwa Mihayo."

Luhende aliinuka. Alikuwa mtu mzima, tumbo limeanza kutangulia, na bado alisimama kama mtoto anayetumwa mahali penye mbwa. Alipofika kwenye ua wa minyaa Nyanjige akamwita.

"Luhende! Ukipewa maji, kunywa kwanza. Wasije wakaanza kulia kabla hujafungua mdomo."

Akaondoka. Njia ya kwa Mihayo inapita katikati ya mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa, na miti mikavu haikumficha. Sayi aliacha kazi, akasimama kuchungulia.

"Utapanda jukwaani, mayu?"

"Mwache kwanza afike."

Mbwa wa Mihayo walibweka. Mwanamke akatoka, mzee sasa, ameinama, akarudi ndani, akatoka tena na kikombe. Luhende alikipokea kwa mikono yote miwili. Akakaa nacho. Akakaa nacho mpaka Nyanjige, bila kujua, akawa ameinuka kutoka kwenye gunia, pamba zinamdondoka mapajani. Kisha mgeni yule akakiinua, akanywa, akakirudisha, akaanza kusema.

Maneno hayakufika. Ni mikono tu ilionekana, na Mihayo aliyesogea mpaka kwenye lango, akalishika kwa nguvu kama lingeanguka, akageuza uso upande wa nyumba ya Nyanjige. Nyanjige hakumpungia mkono. Hakujificha pia.

Luhende alipomaliza alitazama nyuma kidogo, kule pikipiki yake ilikokuwa inang'aa juani. Nyanjige alibaki wima, na hakuketi mpaka alipomwona ameshika njia ya nyumba ya pili.