Maziwa ya Pipa Jipya

Ndugu zangu, nilikuwa mtu wa nguvu. Nilifanya kazi katika kiwanda kidogo cha samli nje ya mji wa Shinyanga. Wafugaji walileta maziwa, nami nilizungusha mashine ya kutenga mafuta. Maziwa yaliyobaki yaligandishwa katika pipa kubwa, na jioni wafanyakazi tuliyachukua bure.

Pipa lile likaanza kushika kutu. Tajiri alimwita fundi, akayeyusha madini fulani meupe na kulipaka ndani.

"Sasa hata mkilisugua kwa mchanga halichubuki," alisema fundi. Tukafurahi.

Miezi ikapita, tumbo likaanza kunisokota. Choo kikafunga. Nilijikunja chini nikitokwa jasho, na mdomoni nikisikia ladha ya chuma. Kisha mkono wa kulia ukalegea kwenye kifundo. Nikitaka kuuinua, unaning'inia tu. Mganga alinichanja na kuninywesha dawa, nikazitapika zote.

Nilipoacha kazi, mke wangu alikwenda mwenyewe kiwandani kuniletea maziwa. Watoto aliwanyima.

"Kunywa, Baba Kabula, upate nguvu," alinibembeleza.

Mwishowe nilipelekwa hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe. Huko nikapata nafuu. Mama Kabula akaja kunitazama na kibuyu cha maziwa, nikanywa, tumbo likarudi kunisokota. Alipokuja tena, yakawa yaleyale. Daktari alinifunua midomo, akaona mstari mweusi kwenye fizi.

"Mama, maziwa haya yanakaa katika chombo gani?"

"Pipa la kazini kwake. Lilipakwa upya."

"Basi lilipakwa madini ya risasi, nayo ni sumu. Maziwa machachu yanaila, na mumeo anainywa."

Mama Kabula aliketi sakafuni. "Kumbe ni mimi," alisema. Nilitaka kumshika bega. Mkono haukunyanyuka.

Dawa ya haraka haikuwepo. Nililala pale nikilishwa na kusafishwa kama kichanga. Mwenzangu mmoja wa kiwandani alifariki kabla ya kufikishwa hospitali. Ndipo pipa likatupwa. Polepole vidole vyangu viliamka, ingawa hadi leo mkono huu huchoka upesi.

Namshukuru Mungu, namshukuru na daktari yule. Nawaomba, chombo kikipakwa kitu msichokijua, msitie chakula humo kabla ya kuuliza. Na tumbo likisokota hivyo, msikae nyumbani kama mimi.

Mama Kabula yuko pale nyuma. Mpaka leo hanipi chakula bila kukionja yeye kwanza. Nimemwambia mara nyingi kwamba hakunidhuru yeye, haniamini. Leo namwambia mbele yenu nyote.