Bati Moja Juu ya Kitanda

Dada wa takwimu alifika kwetu Issuna nikiwa na mimba ya miezi minane. Akauliza paa ni la nini, redio ipo, baiskeli ipo, nimesoma hadi la ngapi. Mwisho akauliza nimezaa wangapi. Wawili. Walio hai? Hakuna. Akaandika tu.

Nikapandwa na hasira. Nikamuuliza, baiskeli inahusu nini na wanangu? Akasema taratibu kwamba wameona watoto wa nyumba zenye bati na redio, wenye mama aliyesoma, hawafi sana.

Mama mkwe alikuwa anapepeta mtama pembeni, akasikia kila neno. Nyie, tulikoma! Kesho yake alirudi kutoka kwa kaka yake na redio isiyo na betri. Akauza beberu, akanunua bati moja, akalipandisha mwenyewe juu ya tembe letu la udongo, usawa wa kitanda changu, akaligandamiza kwa mawe. Kisha akanikokota na tumbo langu hadi kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu, huyu aliishia la nne. Mwongezee hata madarasa mawili kabla hajajifungua."

Mwalimu alicheka mpaka machozi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Nikajifungua mtoto wa kiume, akalazwa chini ya bati, redio bubu kichwani pake. Alipofika miezi mitatu, kifua kikambana. Mama mkwe akashangaa, akasema labda redio inataka betri.

"Mama, mwanangu anakufa!" Nilimfokea, mimi niliyekuwa hata simtazami usoni.

Nikakimbia na mtoto zahanati. Mganga akasema anahitaji sindano, ila dawa zimeisha. Siku hizi ni biashara huria, nenda duka la dawa. Mwenye duka hakopeshi. Mume wangu alikuwa kibarua Itigi. Nikakaa pale barazani, nikalia kwa sauti.

Mara namwona mama mkwe, kumbe habari ya dawa imeshamfikia, anakuja, bati kichwani, upepo unamyumbisha, anawafokea watu wampishe. Mwenye duka akaligongagonga, akalipokea, akatoa dawa.

Siku ya nne mtoto alinyonya kwa nguvu hadi akaniumiza. Nilicheka kwa furaha peke yangu. Mama mkwe akauliza polepole:

"Kwa hiyo wale wawili, kila mmoja alitaka bati moja tu?"