Bakuli la Pembeni

Mdogo wangu anakula kama vile tumbo ni la kuazima. Usipa, vile vidagaa vya ziwani, vya kukaanga, pilipili mbichi, maharage, kisha mtindi juu yake, na asubuhi anaamka mzima. Namwonea wivu, sifichi.

Mimi nina ugonjwa wa Crohn. Utumbo unavimba na kufanya vidonda, unatulia, halafu unaanza upya. Daktari wa Mbeya aliniambia hakuna chakula kimoja kinachowadhuru wagonjwa wote, nijichunguze mwenyewe. Kwangu ni pilipili, mafuta, maziwa, na maharage ugonjwa ukichachamaa. Mawazo nayo yamo. Msimu uliopita, baada ya kuvuna mpunga, mgongo uliniuma nikameza vidonge vya maumivu vya dukani, vile ambavyo huku Njisi kila mtu humeza wakati wa mavuno. Nikaishia kulazwa. Daktari akasema vidonge hivyo navyo huuchokoza.

Jumapili baada ya ibada tunakula kwa Mama, sinia moja, mkekani. Mdogo wangu hukaa ubavuni kwake, mikono yao inagongana kwenye wali. Mimi nawekewa bakuli langu pembeni: wali uliopondwa, ndizi zilizochemshwa mpaka zikalegea, na samaki mbasa aliyetolewa miiba. Inauma kuwa mgeni kwenye mkeka wa mama yako.

Jumapili moja nikashindwa. Nikapeleka mkono kwenye sinia, kwenye maharage. Mama akaudaka.

"Mwanangu, acha. Utaumwa."

"Bora niumwe!" nikafoka. "Huyu anakula na wewe kila siku. Mimi nimetengwa kama mwenye ukoma!"

Mdogo wangu akaacha kutafuna.

"Dada, unanionea wivu mimi? Mama siku hizi haendi ibada. Anabaki hapa anakutolea miiba ya mbasa, mmoja mmoja. Unajua mbasa alivyo na miiba. Mimi nilipikiwa changu peke yangu lini?"

Nilidhani anatania. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Nikatazama vidole vya Mama. Kucha zilikuwa bado na magamba ya samaki.

"Basi nionjeshe kidogo," mdogo wangu akasema.

Nikalivuta bakuli karibu yangu.

"Ndaga, Mama," nikashukuru, nikala lote, polepole, mdogo wangu akinitazama.