Masharti ya Kuipa Mashine Cheo

Nimepita miji mingi tangu wakati ule, na kila mahali nakuta watu wanabonyeza kompyuta mara moja nayo inatii. Huwa naitazama kwa dharau kidogo. Mashine niliyoanza nayo mimi ilikuwa na masharti kumzidi mganga.

Ilikuwa Ngara, miaka ya wakimbizi, kila shirika na bendera yake, gari lake na jenereta lake. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikakaa Kirushya kwenye migomba ya baba hadi miguu ikaniwasha, nikaenda Nyakanazi kupakia magari, nikarudi. Shirika moja dogo likanichukua kwa majaribio kwa sababu niliweza kuandika kwa kompyuta bila kutafuta herufi.

Mkuu wa ofisi alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa mjini, Waislamu ambao babu zao walitoka pwani. Kiswahili chake kilinyooka hata sisi Wahangaza, wenyeji wa Ngara, tukiongea mbele yake tulijiona tunakanyaga zulia na matope miguuni. Siku moja ililetwa kompyuta nyeusi, nzito kama gunia la maharage.

"Hii ni seva," akaniambia. "Itasimamia kompyuta zote, za hapa, za Kasulo kambini na za Biharamulo. Mkuu wa kanda anakuja Ijumaa kutoka Mwanza. Akiikuta inafanya kazi, unaajiriwa moja kwa moja. Akiikuta imelala, utarudi kwenye magari yako."

Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza, nikawa namtafsiria. Kilisema seva hupewa majukumu yake moja moja, na kila jukumu lina programu zinazopaswa kutangulia. Jukumu nikaliita cheo. Programu za kutangulia nikaziita masharti.

"Seva si maana yake mtumishi?" mkuu akauliza.

"Ndiyo, bosi."

"Mimi nimekaa hapa miaka sijapandishwa, mtumishi wa jana anapewa vyeo?"

Nikaingiza diski. Mashine ikajikagua, ikasema haiwezi kupokea cheo cha usimamizi mpaka iwe na hifadhidata. Nikaweka hifadhidata. Hifadhidata ikasema haikai mpaka mfumo wenyewe upate marekebisho fulani. Nikayaweka marekebisho, nayo yakadai programu nyingine ambayo sikuwahi kuisikia. Baada ya kila sharti mashine ilitaka izimwe na kuwashwa, kana kwamba inatoka nje kwanza kushauriana na ukoo. Sikushangaa. Kwetu huendi kuposa ukafika na kumtaja msichana. Kwanza pombe ya ndizi, halafu habari za mvua, halafu ng'ombe ambao hakuna mwenye nia ya kuwatoa. Ile mashine ilikuwa Mhangaza kabisa, isipokuwa haikunywa.

Likabaki sharti la mwisho: jina. Seva ilihitaji jina la kuingilia kwenye kompyuta nyingine, na jina hilo lilipaswa kufunguliwa kwenye mashine ya Kasulo, iliyotunza majina yote. Mkuu akachagua "mtawala". Kasulo alikuwako karani, Mhangaza mwenzangu, na tuliwasiliana naye kwa redio ya upepo.

"Kasulo, fungua jina jipya. Mtawara. Ova."

"Mtawara, nimepata. Ova."

Nikarudi kwenye seva, nikaandika mtawala, kama nilivyofundishwa shuleni. Ikajibu kwamba mtu huyo hayupo.

"Kasulo, huyo mtu hujamfungua. Ova."

"Yupo, kaka! Namwona hapa kwenye kioo. Ova."

"Mashine inasema hayupo. Ova."

"Basi mashine yenu haioni. Ipeni miwani. Ova."

Hakutishika. Kule kambini watu walikuwa wakiambiwa kila siku kwamba hawapo, nao wamesimama pale pale dirishani. Alilifuta jina akalifungua upya. Hayupo. Na Ijumaa ilikuwa kesho. Nikamwomba anisomee herufi moja moja, na alipofika ya sita nikaruka.

"Si hiyo! Weka R ya kambi ya Rukore! Ova."

"Ndiyo hiyo hiyo niliyoweka. R ya Rukore. Ova."

Mkuu alikuwa anakunywa chai, ikampalia. Akaninyang'anya redio.

"Kasulo, sikiliza. Ni L. L ya Lukole. L ya kulala. Ova."

Redio ilikoroma kidogo.

"Nimekuelewa, bosi," karani akajibu. "R ya kurara. Ova."

Mkuu alikuwa bado anavuta pumzi ya kugomba. Mimi nikakaa kwenye seva, nikaandika mtawara. Masharti yote yakawa kijani.

"Haiwezekani!" mkuu akasema. "Mtawala wa kompyuta zote aandikwe hivyo?"

"Bosi, kesho ni Ijumaa."

Mkuu akarudia chai yake.

Mkuu wa kanda alifika na vumbi la barabara mabegani. Nikamwonyesha kila kitu kwa furaha: kompyuta ya Biharamulo tunaiona hapa, ya Kasulo tunaiwekea programu bila kuigusa.

"Kwa hiyo hata nikiwa Mwanza naweza kuingia humu?" akauliza.

"Unaweza, mzee. Lile dishi la intaneti la uani linatosha."

"Na kuzirekebisha zote?"

"Zote, mzee. Huna haja ya kuja."

Alinipa mkono, akanisifu sana. Kisha akamgeukia mkuu wa ofisi. "Sasa hapa tunahitaji fundi wa nini?"

Mkuu akatazama kikombe chake.

Jumatatu nilikwenda kuchukua koti langu. Mlinzi, mzee wa makamo ya baba, alikuwa amesimama mbele ya seva, fimbo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Njoo uone. Haka kamshale kanatembea kenyewe."

"Kuna mtu anakaendesha, yuko Mwanza."

"Yuko Mwanza, anafanya kazi hapa?"

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe uko hapa, huna kazi?"

"Ndiyo."

Akafikiri, fimbo kaielekeza chini.

"Basi nenda Mwanza, mwanangu," akasema. "Huenda kule ukapata kazi ya Ngara."

 Mchana nilipanda gari la Mwanza.