Bibi Alisema "Sili"

Nilisoma kwa sauti, mbele ya watu wasiopungua kumi na tano, jina la bibi aliyeniomba, dakika chache kabla ya hapo, nisimtaje, tena nikalibandika kwenye jambo ambalo hakulisema kabisa. Naona aibu kulisimulia hata sasa, lakini mmenibana niwaeleze kwa nini siku hizi nikienda kukagua natembea na fomu mbili nimezikumbatia kama mtu aliyeokota mtoto, basi sikilizeni.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii hapa Biharamulo, ila nimezaliwa Bukiriro kule Ngara, na mnatujua, r na l kwetu ni ndugu wanaoazimana mashati. Chuoni nilichekwa mpaka nikaunyoosha ulimi kwa lazima (nilikuwa nasoma magazeti kwa sauti bafuni, wenzangu wakidhani naomba), na tangu hapo nikawa na maringo ya mtu aliyepona ugonjwa.

Siku hiyo nilitumwa kukagua kituo cha wazee, sitasema kipi. Utaratibu ni fomu mbili. Ya kwanza husomwa kwenye kikao cha kufunga ukaguzi, na msimamizi wa kituo anaitia saini. Ya pili ni ya yale ambayo wazee wanasema faraghani: haisomwi popote, inaingia kwenye bahasha ya kaki mpaka mezani kwa mkuu wangu. Sasa mvua ilikuwa imejikusanya juu ya mlima, kijana wa bodaboda aliyenileta anapiga honi nje kila baada ya muda, nami nimeshaanza kutazama mlango zaidi ya ninavyotazama wazee, nikaamua jambo dogo tu: niandike yote kwenye fomu moja, ya faragha nitayahamisha ofisini.

Bweni la kina mama lilipendeza. Kila kitanda kina blanketi jipya, mikunjo ya stoo bado inaonekana (hilo niliandika, "mablanketi mapya", nikaona nimeona mbali). Bibi Generoza, mzee kuliko wote mle ndani, akanishika mkono wa shati.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haya mablanketi ni ya leo. Ukiondoka, yanarudi stoo."

Nikaandika. Akanivuta karibu zaidi. "Sili, mwanangu. Sili."

Kisubi chake, lugha ya huku, nakielewa vizuri, angeongea Kisubi tungemalizana, lakini mbele ya kitambulisho changu na kalamu yangu aliona aongee Kiswahili cha ofisini. Nami nikaandika chini ya mablanketi: Generoza, hali chakula.

"Hilo nitalisema, bibi," nikamwambia.

"Utalisema?"

"Ndiyo kazi yangu."

Akaniachia shati. "Sina pengine pa kwenda, mwanangu," akasema, nami nikamhurumia kwa njaa.

Kikao kilifanyika barazani: msimamizi, wahudumu, mpishi, mwenyekiti wa kijiji na wazee wanaoweza kutembea. Nikasoma haraka haraka, vyoo, maji, dawa, na nilipofika kwa Bibi Generoza nikaruka mablanketi, maana hilo nilijua ni la bahasha, nikasoma la chakula nikiamini ndilo alilotaka nilitetee. "Bibi Generoza analalamika kwamba hali."

Mpishi, Mama Jeni, akasimama na mwiko wake. "Hali? Huyu? Afisa, leo asubuhi kaongeza uji mara mbili, akaniuliza na ukoko."

Watu wakacheka, hata wazee. Nikajikaza. "Ndivyo alivyoniambia mwenyewe."

"Bibi, nimekunyima lini mimi?"

Bibi Generoza aliitazama mikono yake. "Sikusema sili," akasema taratibu. "Nilisema sili."

Baraza lote likalipuka kwa kicheko, kijana wa bodaboda naye amesogea karibu anajishika mbavu, na ni mwenyekiti wa kijiji peke yake aliyenyanyua kidole, mtu wa hukohuko, sikio lake halijasomea chuo. "Anasema siri, jamani. Si kula. Siri, ya kuficha."

Kicheko kikakatika. Msimamizi, mtu mpole, mwenye sauti ya kanisani, akageuka kwangu. "Siri gani, Afisa?"

Nikasema hakuna, ni matamshi tu, nikaanza kukunja karatasi, lakini karatasi hiyo ilihitaji saini yake (utaratibu ule ule), na mwenyekiti akaniambia, "Mpe basi asaini, mvua hiyo." Ningeweza kusema nimesahau muhuri. Ningeweza kuanguka na kuzirai. Nilimpa. Alisoma mstari kwa mstari, kidole kikishuka, kikafika palipoandikwa kwamba mablanketi yanarudi stoo, na jina la bibi, kikakaa. Halafu akasaini vizuri kabisa na kunirudishia kalamu.

"Ahsante, Afisa. Umeandika kwa usafi."

Mvua ilininyeshea njia nzima nikaona ni halali yangu. Ofisini nilimweleza mkuu wangu kila kitu. Hakufoka, na afadhali angefoka. Aliandika barua kuagiza mablanketi yabaki vitandani, kisha akaniuliza, "Na huyo bibi, tutamlindaje?" Tangu hapo nimeapa: fomu mbili, hata mvua iwe ya mawe, na mzee akinong'ona neno namrudishia kwa lugha yake mpaka tuelewane.

Wiki iliyofuata nilirudi bila taarifa. Msimamizi alinipokea kwa tabasamu, akanionyesha mablanketi vitandani. Bibi Generoza alikuwa ameketi uani peke yake. Nikachuchumaa, nikamsalimu kwa Kisubi, nikamuuliza kama wanamtendea vyema.

Alinitazama, halafu akatazama barazani, aliposimama msimamizi.

"Marahaba," akajibu kwa Kiswahili. "Wewe ni nani? Mimi sijawahi kukuona."

Wahudumu wanasema siku hizi anasahau. Mimi bado sijui.